Volkano na nyama zetu za kufuga



Tukisoma habari ya volkano Nyiragongo tunahesabu watu waliokimbia. Juu ya mbuzi, imbwa na kuku, hakuna neno. Lakini Mungu alipomjibu Yona juu ya Ninawi, alihesabu watu zaidi ya 120,000, kisha akataja na nyama nyingi. Basi na sisi tuzitaje.

Tarehe 10 Januari 1977 ule mulima ulipasuka, na mawe ya moto yakashuka mbio kama gari. Hata tembo zilikufa ndani yake. Kama tembo haikupona, mbuzi iliyofungwa kwa kamba itapona namna gani? Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipita katikati ya muji wa Goma mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021, usiku wa siku ya posho, ulisimama Buhene, karibu na kiwanja cha ndege. Watu walitoka kwa miguu, wengine wakivuta mbuzi.

Tena iko hatari nyingine, isiyoonekana. Kule Goma na Sake wanaiita mazuku. Ni gazi karboniki inayotoka chini ya udongo. Ni nzito kuliko hewa, inalala ndani ya mashimo kama maji, zaidi usiku na asubuhi wakati hakuna upepo. Haina harufu. Mutu mukubwa akisimama, kichwa chake kinaweza kuwa juu yake. Mbuzi inayoinama kula majani iko ndani kabisa, na mutoto mudogo vilevile. Kule Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, gazi hiyohiyo ilitoka katika Ziwa Nyos, ikaua watu zaidi ya 1,700 na nyama za kufuga karibu 3,500.

Kwa hiyo, ukiona mbuzi imeanguka katika shimo, usishuke kuitoa! Wewe utainama kuishika, utaanguka; ndugu yako atashuka kukutafuta, naye ataanguka. Mbuzi ile imekwisha kukuonyesha njia mbaya, inatosha.

Wakati wa kukimbia, kuku ziingie kikapuni, paka ndani ya mufuko unaopitisha hewa. Nyama isiyoweza kwenda, kata kamba, fungua mulango, uende. Usirudi. Nyuma ya hatari, majivu yakianguka juu ya majani, usipeleke ng'ombe kulisha pale, maana yako na sumu inayoharibu meno na mifupa. Na maji yao yafunikwe. Imbwa zinazozungukazunguka bila bwana, mujulishe munganga wa nyama. Kichaa chao kinaua.

Hapa Fataki hatuna volkano, ni kweli. Lakini mwaka 2020 maji ya Ziwa Albert yalipanda, na maji nayo yanakuta kwanza ile iliyofungwa. Sungura zetu nyuma ya jiko zimefungwa kwa waya uliozungushwa mara tano. Wanafunzi wa internati, afazali tuweke kijiti kinachofunguka kwa mukono moja, hata gizani.