Simu ikikosa mtandao, nyumba isikose amani

MIONGONI mwa sauti zinazozua ugomvi katika nyumba zetu ni ya yule binti asiyeonekana ambaye hukueleza, kwa upole unaotia hasira, kwamba mteja uliyempigia hapatikani kwa sasa. Mke akiisikia mara tatu usiku, huwa ameshaamua moyoni kwamba mumewe amezima simu maksudi, na sababu anaijua yeye. Mume naye akiisikia, kesho yake mkewe atahojiwa kama mshukiwa aliye kituoni. Mzazi kijijini naye hunung'unika kwamba mwanawe wa mjini anamkwepa kwa kuogopa kuombwa pesa.

Je, sauti hiyo husema nini hasa? Ukweli ni kwamba haisemi lolote kuhusu tabia ya mtu.

Simu iliyowashwa huuarifu mtandao kila baada ya muda kwamba ipo, na iko upande gani. Mtu akipiga, minara ya upande ule huiita simu hiyo. Ikiitika, mlio husikika. Isipoitika, mtandao hukata tamaa na ile sauti ikachezwa. Aliyezima simu kwa hiari yake, aliyeishiwa na chaji, aliyeteremka bondeni na aliyelala katika chumba ambamo mawimbi hayapenyi, wote wanne hutangazwa kwa maneno yale yale. Kumhukumu mtu kwa ushahidi kama huo ni sawa na kumwita mwizi kwa kuwa hakuwepo nyumbani mgeni alipobisha hodi.

Mnara una upeo wake

Simu za mkononi zilipoanza kutumika nchini mwaka wa 1993, kifaa kimoja kiliuzwa kwa takriban Sh250,000. Hazikuwa simu za kuzozaniwa na baba na mama. Zilikuwa za wakubwa wachache. Mambo yalibadilika mwaka wa 2000, Safaricom na Kencell zilipoingia sokoni, na yakabadilika zaidi mnamo Machi 2007 M-Pesa ilipozinduliwa. Tangu hapo simu imekuwa pochi ya jamaa nzima. Kukosa mtandao leo si kukosa porojo tu, bali ni kukosa karo, dawa na nauli.

Hata hivyo, mnara ni kama taa. Mwanga wake hufifia kadiri unavyokwenda mbali, na mtu akisimama nyuma ya ukuta, giza humpata hata kama taa i karibu. Katika uwanda ulio wazi, mnara wa kawaida wa kizazi cha pili hauwezi kuihudumia simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35. Penye vilima, misitu na majumba, umbali huo hupungua sana. Bati nalo huyarudisha mawimbi yalikotoka, na kuta nene za mawe huyadhoofisha. Ndiyo maana mtu anaweza kupotea hewani akiwa kitandani, kisha akapatikana baada ya kupiga hatua tatu nje ya mlango.

Isitoshe, minara hujengwa waliko watu wengi, kwa kuwa huko ndiko kuliko na wanunuzi. Utafiti wa Mamlaka ya Mawasiliano wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mawimbi ya kizazi cha pili yaliwafikia takriban asilimia 94 ya Wakenya, ilhali ardhi yaliyoifunika haikufika hata nusu ya nchi. Kata ndogo 164 kati ya 7,149 hazikuwa na mtandao kabisa. Baadaye minara iliongezwa kwa fedha za Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo kampuni za mawasiliano huichangia. Lakini somo la takwimu hizo ni lile lile: kijiji chaweza kuwa na mtandao na barabara ya kwendea huko isiwe nao. Dereva wa lori, mfugaji aliyefuata malisho na mwalimu aliyehamishiwa mbali hupita saa nyingi katika sehemu hizo kavu. Wao ndio hulaumiwa zaidi.

Mpakani simu huhama bila ruhusa

Wakazi wa Vanga, Taveta, Namanga na Busia wana kisa chao. Mawimbi hayana habari na mpaka. Mtandao wako ukidhoofika na wa nchi jirani ukawa na nguvu, simu iliyoachwa ijichagulie hujiunga na huo wa jirani, nawe ukapokea ujumbe wa kukukaribisha ugenini ilhali umeketi barazani kwako. Kuanzia hapo unahesabiwa kama msafiri, na salio laweza kuyeyuka kama barafu juani.

Kweli, mwishoni mwa 2014 na mwanzoni mwa 2015, Kenya, Rwanda na Uganda zilianza mpango wa kupunguza gharama hizo na kuondoa ada ya kupokea simu. Lakini mpango huo ulilenga hasa mazungumzo, na Tanzania haikuwa miongoni mwa nchi zilizouanzisha. Kwa hivyo mkazi wa mpakani afungue sehemu ya mipangilio ya simu, achague mwenyewe mtandao wa nyumbani badala ya kuiachia simu kazi hiyo, kisha afunge matumizi ya intaneti ya ugenini. Akisafiri ndani zaidi ya nchi, akumbuke kuirudisha simu ilivyokuwa.

Mkubaliane mapema

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Jamaa ambao mmoja wao huishi au hufanya kazi mahali pasipo na mtandao wa kutegemewa wakae chini na kupanga.

Kwanza, wachague saa ya kuzungumza. Anayejua kwamba mwenzake hupanda kilimani saa kumi na mbili jioni hatapiga simu ishirini saa nane mchana na kujiumiza roho.

Pili, waandikiane. Simu isipopatikana, ujumbe mfupi husubiri kwa muda katika mitambo ya kampuni na kumfikia mwenyewe mtandao unaporudi, hata kama ni kwa dakika moja. Maneno "nimefika salama" yanatosha kumpa mtu usingizi.

Tatu, wasigombane juu ya pesa zilizotumwa. Ukimtumia mama kwa M-Pesa ilhali simu yake haina mtandao, pesa huingia katika akaunti yake na ujumbe humfikia baadaye. Weka ule ujumbe wako wa thibitisho, wala usitume mara ya pili kwa wasiwasi.

Nne, wachunge chaji. Simu inayohangaika kutafuta mnara humaliza betri upesi. Penye mtandao hafifu, ni afadhali kuiwekea kizazi cha pili, au kuizima hadi saa mliyoagana.

Jambo la tano ndilo zito kuliko yote. Nyumba yenye mama mjamzito, mgonjwa au mkongwe haifai kungojea uchungu uanze ndipo watu watoke nje kuinua simu juu kama wanaoomba mvua. Wapime mapema ni pembe gani ya boma yenye mtandao, na ni kampuni gani inayosikika huko, wanunue kadi ya pili ya kampuni hiyo. Nambari za dereva, muuguzi na jirani ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, maana simu ikizimika huzimika na nambari zake. Na simu ikionyesha kwamba inakubali za dharura pekee, jaribu 112. Huenda mtandao wako haupo lakini wa kampuni nyingine ukawepo, na simu ya dharura yaweza kupita huko.

Mambo haya hayamlindi mwongo. Aliyezoea kuzima simu kwa siri zake atajulikana kwa matendo mengine, siku ikifika. Lakini mume, mke au mtoto aliyeko safarini asihukumiwe na mlima. Atakapopatikana, swali la kwanza na liwe kama amefika salama. Mengine yatafuata kwa taratibu.