Chatu wa Rangi za Ajabu

Hapa kwetu Moding nyoka akionekana ni rungu na mawe. Kumbe ng'ambo hufugwa nyumbani, na akiwa na rangi ya ajabu bei hupanda!

Yuko chatu mdogo ambaye akiogopa hujikunja kama mpira. Kwao ni Afrika Magharibi hadi kwa jirani zetu Uganda. Mwaka 1992 Mmarekani Bob Clark alizalisha zeruzeru wa kwanza. Jeni hiyo hujificha: mtoto sharti airithi kwa baba na kwa mama pia. Huyo hana neno, ila porini mwewe angemwona upesi, kama anavyoona vifaranga vyetu vyeupe.

Linaloniudhi ni aina iitwayo Buibui. Jeni moja tu humpa mistari myembamba kama utando, lakini jeni hiyo hiyo huharibu sikio la ndani. Kichwa hutikisika na kupinduka, hata akirukia panya pengine humkosa. Wafugaji husema, "Si anakula na kuzaa?" Mimi niliwahi kushika kuku wetu aliyepindika shingo kwa ugonjwa. Alikuwa akila pia, lakini sikuweza kumtazama. Na yule aliugua tu. Buibui huzalishwa makusudi, eti apendeze!