Kobla: Matunda Yaliyofunikwa kwa Mikate

Wasikilizaji wetu wajua kuwa maembe huiva yote kwa wakati mmoja, na yale yasiyoliwa wala kuuzwa huoza chini ya miti. Leo twataka kueleza chakula kimoja cha Marekani kiwezacho kuyaokoa matunda yaliyoiva sana, wala hakihitaji tanuri. Jina lake ni kobla.

Walowezi wa Kiingereza waliohamia Marekani walizoea vyakula vya unga na matunda vya kwao. Lakini katika makao yao mapya vyombo vilikuwa haba, na wengi hawakuwa na tanuri. Basi waliyatia matunda katika chungu cha chuma, wakayafunika kwa madonge ya unga, kisha wakapalia makaa juu na chini. Mwaka 1859 jina la kobla lilikwisha kuandikwa katika kamusi. Tunda lipendwalo sana huko kusini mwa Marekani ni fyulisi, lakini maembe na mananasi yafaa vilevile. Wala kupalia si jambo geni: ndivyo upikwavyo mkate wa kumimina huku pwani.

Twaa vikombe 4 vya maembe yaliyokatwa vipande, robo kikombe ya sukari, kijiko kikubwa 1 cha maji ya ndimu na kijiko kikubwa 1 cha unga wa ngano. Changanya katika sufuria nzito, uinjike motoni mpaka matunda yaanze kuchemka.

Huku yanapopata moto, chekecha kikombe 1 na nusu cha unga wa ngano pamoja na vijiko vidogo 2 vya bekingi poda, chumvi kidogo na kijiko kikubwa 1 cha sukari. Tia vijiko vikubwa 5 vya siagi baridi, uifikiche kwa ncha za vidole mpaka unga uwe chengachenga. Mimina nusu kikombe ya maziwa, ukoroge mara chache tu. Chota madonge, uyapange juu ya matunda yakiwa yangali moto, na kuacha nafasi baina yake. Wamarekani huyaita madonge hayo biskuti, lakini si biskuti kavu za dukani. Ni mikate midogo myororo.

Funika, upalie makaa machache chini na mengi juu, kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo. Mwenye tanuri na alitie moto wa digrii 190 za sentigredi.

Sasa tueleze sababu, maana ajuaye sababu habahatishi. Bekingi poda ilibuniwa mwaka 1843 na Alfred Bird, muuza dawa wa Birmingham huko Uingereza, kwa kuwa mkewe alidhuriwa na hamira. Ndani yake mna soda na asidi kavu. Vikipata maji na moto hutoa hewa, nayo huuinua unga. Kwa hiyo donge lisikae muda mrefu kabla ya kupikwa, hewa isije ikapotea bure. Ukikanda sana, unga wa ngano hufanya mnato, na mkate huwa mgumu. Siagi huwa baridi ili vipande vyake viyeyuke motoni tu, na kuacha vijitundu vinavyolainisha mkate. Nafasi baina ya madonge hupitisha mvuke.

Kosa lililo kubwa ni kuweka donge juu ya matunda baridi: juu huiva, chini hubaki bichi. Matunda yakiwa moto, donge huiva pande zote mbili. Ili kuhakikisha, chomeka kijiti katikati ya donge. Kikitoka kikavu, limeiva.

Epua, ungoje dakika 15 kabla ya kupakua, ili mchuzi wa matunda upate kuwa mzito. Chakula hiki hufaa zaidi siku ile ile kipikwapo, kwa maana kikilala mikate hunywa mchuzi na kulowa.