Kompyuta ya Parokia Inapozeeka
Kompyuta mpakato ya ofisi ya parokia, iwe Nachingwea au Ruangwa, ikikawia kufunguka, tusikimbilie kununua nyingine. Kwanza tunakili kumbukumbu za ubatizo na ndoa kwenye diski ya nje. Vitabu vinavyodaiwa na Sheria za Kanisa, kanuni 535, vibaki kabatini. Kisha tuzuie programu zinazojiwasha zenyewe, na fundi apulize vumbi la feni (la kiangazi chetu halina huruma), kwani mashine ikipata joto hujipunguzia mwendo. Dawa kuu ni kubadili diski ya zamani inayozunguka kwa SSD. Windows 10 haina tena masasisho ya kawaida ya usalama tangu 14 Oktoba 2025; mashine isiyomudu Windows 11 yaweza kupewa Linux Mint, isiyolipiwa.