Istilahi za Uvuvi wa Pikipiki ya Majini

Kila chombo kipya kiingiapo baharini huja na maneno yake, na mfasiri hana budi kuyapokea na kuyapima kabla hayajazoeleka vibaya. Miongoni mwa vyombo hivyo ni kile kidogo chenye injini ambacho mtu hukipanda kama apandavyo pikipiki. Kwa muda mrefu kilihesabiwa kuwa kitu cha mchezo tu. Siku hizi, hasa huko Nyuzilandi, Australia na Afrika Kusini, wako watu wanaokitumia kuvulia samaki. Na kwa kuwa vyombo hivyo vimekwisha kuonekana katika fukwe za watalii za Mombasa na Unguja, si ajabu mfasiri, mwalimu au mtumishi wa Serikali akaletewa maelezo yake ayatie katika Kiswahili. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uvuvi huo unavyofanyika, na kuonyesha mahali ambapo neno lisilofaa laweza kumhatarisha mtu.

1. Jina la chombo

Jina litajwalo na wengi ni Jet Ski. Hilo si jina la aina ya chombo, bali ni alama ya biashara ya kampuni ya Kawasaki ya Japani, iliyoanza kukiuza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kabla ya hapo, mwaka 1968, kampuni ya Bombardier ya Kanada ilikwisha kutoa Sea-Doo, na katika miaka ya 1980 Yamaha ikaleta WaveRunner. Basi kanuni isemayo kuwa ni marufuku kuendesha Jet Ski karibu na waogeleaji itampa mwenye Sea-Doo njia ya kujitetea. Tafsiri ya neno kwa neno, yaani "chombo binafsi cha majini", nayo haitufai. Katika Kiswahili chombo binafsi ni kile kisicho mali ya umma, na hata dau la mzee wa kijijini ni chake binafsi.

Watu wa pwani hawakungoja kamati. Wao husema "pikipiki ya majini", na jina hilo linaeleza vizuri jinsi mpandaji anavyokaa. Yafaa likubaliwe, na katika sheria liongezewe fasili. Kiwango cha kimataifa kinavieleza vyombo hivi kuwa vina urefu usiofika mita 4, vinasukumwa na pampu ya maji inayoendeshwa na injini iliyo ndani, na mwendeshaji huketi, husimama au hupiga magoti juu yake, wala si ndani yake. Fasili hiyo yasemeka kwa Kiswahili bila taabu.

2. Uvuvi wenyewe

Katika Ghuba ya Hauraki, karibu na mji wa Auckland, mvuvi wa namna hii aweza kutoka peke yake, sanduku la barafu likiwa nyuma ya kiti na fimbo za kuvulia zimesimamishwa kando yake. Mwaka 2018 watengenezaji wa Sea-Doo walitangaza chombo kilichoundwa makusudi kwa kazi hiyo, chenye sehemu ya nyuma iliyorefushwa na kifaa cha kutambua kina na samaki. Kifaa hicho hupeleka sauti chini na kupokea mwangwi wake. Manahodha wa zamani walikuwa na bildi, yaani risasi iliyofungwa kamba ya kupimia kina. Kazi ni ile ile, basi tuna haki ya kusema "bildi ya mwangwi".

Njia za kuvua ni mbili zaidi ya zote. Ya kwanza ni kukokota mshipi nyuma ya chombo kinachokwenda. Mfasiri asiyewajua wavuvi atatunga maneno manne au matano, na kumbe wavuvi wetu wana neno moja: kurambaza. Neno hili limekwisha kuazimwa hata na watu wa kompyuta, na itakuwa aibu likisahauliwa baharini lilikotoka.

Njia ya pili ndiyo iliyo ngeni kwa wengi. Mvuvi huzima injini, hukaa upande na miguu yote miwili kuielekeza kwenye ubavu mmoja, na kukiacha chombo kichukuliwe na upepo au mkondo. Hutupa kisamaki laini cha plastiki kilichochomekwa kwenye ndoana, akakiacha kizame mpaka karibu na chini, kisha hukiinua na kukishusha. Mara nyingi samaki hukidaka wakati kinaposhuka, kwa hiyo mvuvi huukodolea macho mshipi asipitwe. Kisamaki hicho tukiite "chambo bandia", kwa sababu chambo chenyewe ni kitu kiliwacho. Risasi iliyogandishwa kichwani mwa ndoana ni chubwi, hivyo "ndoana ya chubwi" yatosha. Na tendo la kuinua na kushusha ni "kuchezesha chambo".

3. Maneno yenye hatari

Hapa ndipo mfasiri apaswapo kuwa na hadhari kubwa. Neno la kwanza ni usukani. Katika mashua, usukani ni ubao uliomo majini, nao hukigeuza chombo maadamu kinakwenda, hata tanga likishushwa. Pikipiki ya majini haina ubao huo. Mshikio wake hugeuza mdomo wa bomba linalorusha maji nyuma, na mwendeshaji akiachia mafuta ghafla, maji hayarushwi kwa nguvu, na chombo huendelea mbele bila kutii. Baadhi ya vyombo vipya vina mtambo wa kusaidia, lakini kanuni haibadiliki. Basi haitoshi kuandika "geuza usukani ili kuepuka kizuizi". Iandikwe: "geuza mshikio huku ukiendelea kutia mafuta".

La pili ni rafadha. Tukiandika "jihadhari na rafadha", msomaji ataitafuta nyuma ya tezi asiione, maana imefichwa ndani ya bomba. Kinachomkabili mvuvi ni tundu la kufyonzea maji lililo chini ya chombo, ambalo laweza kuvuta kamba au mshipi uliolegea na kuikwamisha pampu. Tundu hilo ndilo litajwe.

La tatu ni nanga. Ili chombo kisichukuliwe mbio na upepo, mvuvi hutumbukiza mfuko wa kitambaa ulio mfano wa mwavuli. Wako watakaotaka kuuita "nanga ya bahari". Lakini nanga hushika chini, na mfuko huu haushiki popote. Mtu aliyeambiwa kwamba ametia nanga atatulia, na huku anasogea mwambani. Na tuseme "mfuko wa kupunguza mwendo".

Fundo nalo si neno la kuachwa hivi hivi. Kanuni za Nyuzilandi hukataza kwenda zaidi ya fundo 5 ndani ya mita 200 kutoka pwani, au ndani ya mita 50 kutoka kwa mtu aliyemo majini au chombo kingine. Msomaji asiye baharia ataelewa upesi zaidi akiambiwa maili 5 za baharini kwa saa, yaani kiasi cha kilomita 9.

4. Jina la samaki

Samaki apendwaye mno na wavuvi wa Hauraki huitwa tāmure kwa Kimaori. Kiingereza humwita kwa jina ambalo kwingineko hupewa samaki wa ukoo mwingine kabisa, na wafasiri wetu huenda wakamwita changu. Changu wetu ni wa ukoo wa Lethrinidae, na tāmure ni wa ukoo wa Sparidae. Mwalimu na abaki na tāmure, aongeze jina la ukoo, wala asiwafanye samaki wawili kuwa mmoja.

5. Hitimisho

Katika mifano hii yote kipimo ni kimoja. Pale neno la kale lifanyapo kazi ile ile, kama bildi, chubwi na kurambaza, tulitumie bila haya. Pale linapoahidi jambo ambalo kitu kipya hakilifanyi, kama usukani na nanga, tuliache, hata likiwa tamu masikioni. Wasomaji wa Lamu, Pemba, Mafia na Kilwa wenye maneno bora ya kuchezesha chambo, au ya ule mfuko wa kitambaa, wanaombwa wayalete ili yapimwe pamoja na haya.