Shule Huru za Nyeri: Elimu Mikononi mwa Wazazi

Mzozo wa mwaka 1929 haukuhusu tohara pekee. Ulihusu pia umiliki wa elimu. Misheni ya Uskoti, yenye kituo Tumutumu, Nyeri, iliwataka waumini kuukana ukeketaji. Waliokataa walitengwa, na watoto wao wakafungiwa milango ya shule. Ardhi ya Mweiga ilikwisha kuwa mashamba ya walowezi. Elimu ndiyo iliyosalia kuwa urithi. Hivyo wazazi walichanga fedha na jasho, wakajenga shule zao. Chama cha KISA kiliziunganisha, na mwaka 1939 Chuo cha Githunguri kikaanza kufunza walimu. Baada ya hali ya hatari ya 1952, serikali ya kikoloni ilizifunga nyingi. Ukeketaji umeharamishwa kisheria. Ari ya kujijengea shule ilidumu, na baada ya uhuru ikazaa shule za harambee.