Beto Halinywi Maji

"Mhandisi, beto la parkingi liwe na unene gani, sentimita kumi au kumi na tano?" Swali hili nimeulizwa Kindu na nimeulizwa Kalima, mkoani Maniema, Kongo. Wanaouliza ni viongozi wa timu, wafanyabiashara wanaotaka kuchangia, na hata wanafunzi wa ujenzi ambao walipaswa kujua zaidi. Kila wazo la kufufua kiwanja cha mpira huanzia hapo hapo: matope yanaudhi, basi tufunike kila kitu kwa simenti kuanzia getini hadi nyuma ya milingoti, na tatizo litakwisha. Haliishi. Linahamia kwa jirani anayekaa chini, tena linafika kwake likiwa limeongezeka nguvu.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1. Chukua parkingi na njia zake zenye mita za mraba 6,000, kisha mvua moja ya milimita 50, ambayo kwa Maniema si habari ya kutangazwa redioni. Hizo ni lita 300,000, yaani mapipa 1,500 ya lita 200. Juu ya beto, karibu yote yatateremka, na yatateremka kwa pamoja. Juu ya majani yaliyoshika vizuri kwenye mteremko mdogo, sehemu kubwa huzama ardhini au huchelewa njiani. Sasa niambieni: mapipa hayo 1,500 mmeyaandalia njia gani? Kwa kawaida hujibiwa kwa kidole kinachoelekezwa bondeni. Bondeni kuna watu.

Wabishi wana hoja moja nzuri: udongo wetu mwekundu ukishakanyagwa sana, nao haunywi maji. Kweli kabisa. Laterite iliyoshindiliwa na magurudumu humwaga sehemu kubwa ya mvua. Lakini angalia unachokiri hapo: ugonjwa ni kushindiliwa ovyo na kukosa mteremko, wala si kukosa simenti. Tope huzaliwa pale maji yaliposimama kisha gurudumu likapita. Maji yasiposimama, na gari lisiporuhusiwa kupita kila mahali, tope litatoka wapi? Wewe unataka kumwaga beto juu ya udongo uleule uliolowa, bila kutoa maji yaliyo chini yake. Maji yataingia kwenye nyufa, yataondoka na udongo laini wa chini, na bamba litabaki halina kinacholiegemeza. Lori la kreti za bia litapita siku ya mechi, na hapo utajua kwamba sentimita kumi na kumi na tano zilikuwa mjadala wa bure.

"Mbona miji mikubwa wanafanya?" Wanafanya, na wanalipa. Dar es Salaam ilijenga karakana na maegesho ya mabasi yaendayo haraka pale Jangwani, ndani ya bonde la mto Msimbazi. Vifaa havikukosekana, wala wataalamu. Mvua kubwa zikaja, mto ukarudia bonde lake, mabasi yakakaa ndani ya maji, tena zaidi ya mara moja. Hatimaye mradi wa bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ukapanga karakana hiyo ihamishwe. Maji hufuata mkondo, hata mkondo huo ukiwa umefunikwa kwa fedha nyingi.

Kwetu Kongo hali ni kali zaidi. Mwaka 2025 watafiti wa vyuo vya Kongo na vya Ulaya walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya makorongo ya mijini nchini: karibu 3,000, katika miji 26, na watu zaidi ya 100,000 walioondolewa makwao na makorongo hayo kati ya 2004 na 2023. Hakuna laana hapo, wala mchawi. Barabara, paa na mifereji hukusanya maji, kisha huyaachia mahali pamoja juu ya mteremko, na udongo hukatika. Parkingi iliyosakafiwa bila njia ya kutoa maji ni mwanzo wa korongo, na sisi wenyewe tunauchangia fedha.

Fedha zenyewe si ndogo. Mfuko wa simenti unaofika Kindu kwa reli, siku ambayo treni imekuja, huvushwa mto Lualaba hadi Alunguli, ng'ambo ya pili, kisha hubebwa kilomita zipatazo mia kwenye barabara ya udongo mpaka Kalima. Simenti ya bei hiyo huwekwa pale tu ambapo kitu kingine hakifai. Halafu, magari mia mnayoyachora kwenye ramani ni ya nani? Gari moja, pamoja na nafasi ya kugeuza, linakula mita za mraba 25 hivi. Pikipiki inatosheka na 2 au 3. Kalima watu huenda mpirani kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Chora parkingi ya watu hao.

Basi haya ndiyo ya kufanya, haraka haraka. Kwanza, nendeni kiwanjani mvua ikinyesha, mkiwa na vigingi, mtie alama maji yanapoingilia na yanapotokea. Chimbeni mfereji wa kukinga upande wa juu kabla ya kugusa kitu kingine. Fanyeni kazi za udongo kiangazi, Juni hadi Agosti. Uwanja wenye upana wa mita 68 uinuliwe katikati kwa sentimita 34 kuliko pembeni. Hiyo ni asilimia 1, mchezaji hataiona lakini maji yataiona. Pandeni majani, fungeni uwanja mpaka yashike, na msimsikilize rais wa timu yeyote anayedai mechi moja tu.

Parkingi ya magari iwe ya kokoto nene juu ya udongo wenye mteremko wa asilimia 2 au 3, na mawe pembeni ili magari yasisambae. Kokoto Kalima hazikosekani: uoshaji wa kasiterite, madini ya bati, tangu enzi za kampuni ya Symétain, kisha SOMINKI, hadi SAKIMA, umeacha marundo. Ombeni ruhusa kwa mwenye eneo. Chukueni kokoto safi, na mchanga mweusi mzito mwuache huko huko, kwa maana mabaki ya koltani na madini yanayofuatana nayo yanaweza kuwa na urani na thori. Pimeni kabla watoto hawajacheza juu yake. Pikipiki ziwekwe chini ya miti ya kivuli, si miembe. Beto liende getini, kwenye vyoo, na mahali mfereji unaposhuka kwa ghafla. Maji ya paa la jukwaa yaingie tangini. Yanayobaki yapite kwenye mfereji wa majani wenye vizuizi vya mawe, yaingie bwawa dogo lililozungushiwa majani ya vetiva, na bwawa likauke ndani ya siku mbili tatu, tusifuge mbu.

Mwisho, andikeni jina la mtu mmoja, msiandike kamati, atakayezibua mifereji baada ya kila mechi. Salongo, kazi ya pamoja ya jamii, ya mara moja kwa mwaka haitoshi. Mshahara wake utoke kwenye ada ya parkingi. Kama ada haitoshi kumlipa, punguzeni ukubwa wa kazi mpaka itoshe, ndipo mwagize lori la kwanza la kokoto.